Nikitaja ugonjwa uliomuua baba namnusuru mama mdogo, lakini nawatia hofu wadogo zangu

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, kifungua mimba katika watoto wanne wa marehemu baba. Kwetu ni wilaya ya Chamwino, ila mimi naishi Dodoma mjini ambako nina duka la vifaa vya ujenzi. Nina mke na mtoto mmoja, na mke wangu sasa ni mjamzito. Mama yetu mzazi alifariki tukiwa wadogo. Baba akamwoa mama mdogo, aliyetoka upande wa Manyoni, na huyo ndiye aliyetulea. Yeye hakujaliwa kupata mtoto.

Baba amefariki mwezi Desemba akiwa na miaka 64. Kabla ya hapo sikumbuki kumkuta amelala mchana. Baada ya Nane Nane alianza kulalamikia macho, akawa anasema ukuta wa nyumba umeinama. Tukampeleka kwa daktari wa macho, akapewa miwani. Haukupita muda akashindwa kuhesabu ng'ombe wakiingia zizini jioni, yeye aliyemjua kila mmoja kwa rangi yake. Alikuwa anasimama pale mlangoni mwa zizi, anahesabu, anapotea, anaanza upya, hadi giza linaingia. Oktoba akawa hawezi kutembea bila kushikwa. Mfuniko wa sufuria ukidondoka, mwili wake wote uliruka, na hata palipokuwa kimya mikono ilikuwa inashtuka yenyewe. Novemba maneno yakaisha. Mama mdogo alimlisha uji wa uwele kwa kijiko, anangoja kimoja kimezwe ndipo achote kingine, na bakuli dogo lilimchukua saa nzima.

Baba mdogo alishampeleka kwa mganga kabla hatujamleta hospitali kubwa hapa mjini. Huko wakampima damu, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakampiga picha ya MRI ya kichwa na kipimo cha umeme wa ubongo. Daktari akaniita peke yangu. Akaniandikia jina kwenye karatasi: ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Akasema hauna dawa, tumrudishe nyumbani tumtunze. Akaniuliza kama kuna ndugu mwingine aliyewahi kuugua hivyo. Nikamtaja shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa anasahau watu mpaka akafariki akiwa na miaka sabini na kitu. Daktari akasema ipo aina ya kurithi, na kama ni hiyo, kila mtoto ana nusu kwa nusu. Mengine aliyosema sikuyasikia tena. Sijamwambia mtu hadi leo, hata mke wangu.

Sasa shida ilipo. Tangu msibani baba mdogo anasema mama mdogo alimroga kaka yake ili abaki na ng'ombe na shamba la zabibu. Vijana wenye simu nao wakaleta yao: mwezi wa saba ng'ombe mmoja alikufa mwenyewe, mama mdogo akapika nyama ile, kwa hiyo baba kapata kichaa cha ng'ombe. Wengine wanamkwepa kwa kuwa ndiye aliyekuwa anamwogesha na kumlisha, wanahofia kaambukizwa. Maneno ni mbalimbali, lakini yote yanaishia jikoni kwake. Kikao cha ukoo kimewekwa baada ya mavuno, na wengine wameshasema atarudi kwao na begi lake la nguo.

Nikisimama pale nikaeleza alichosema daktari, najua nitamnusuru. Lakini nitakuwa nimewaambia wadogo zangu watatu kwamba huenda wanabeba kifo hiki mwilini. Mdogo wetu wa mwisho yuko chuo kikuu, amechumbiwa, na sehemu ya mahari imeshaletwa. Wakwe watarajiwa wameanza kuuliza mzee alikufa na nini. Nikinyamaza, wadogo zangu watalala usingizi wao, na mama aliyetulea atafukuzwa. Mimi mwenyewe kikombe kikiniponyoka mkononi silali siku hiyo. Nilikuwa nachangia damu, nimeacha. Nawaza nikapime nijue, kisha nawaza nikishajua nitaishi vipi. Naomba unishauri.

Kifungua Mimba, Chamwino

MAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Pole pia kwa kuibeba habari hii peke yako tangu siku ile uliyoitwa chumbani kwa daktari. Habari ya namna hiyo hupewa mtu akiwa na ndugu pembeni, wa kumshika mkono na wa kukumbuka yale ambayo masikio yake yameshindwa kupokea.

Nilivyokuelewa, unaona una ukweli mmoja, na kwamba ukiutoa unamwokoa mama mdogo kwa kuwaumiza wadogo zako. Nakuomba tuutazame tena, kwa sababu mimi ninaposoma barua yako naona maswali mawili. La kwanza ni hili: mzee alikufa na nini? La pili: je, ugonjwa wake ni wa aina inayorithiwa? Daktari alikupa jibu la kwanza. La pili hakukupa jibu, alikupa "kama". Katika mshtuko wa siku ile ni rahisi sana neno hilo kudondoka njiani, mtu akafika nyumbani na "nusu kwa nusu" peke yake.

Ugonjwa wenyewe unabeba majina ya madaktari wawili wa Ujerumani, Hans Gerhard Creutzfeldt na Alfons Jakob, walioandika habari za wagonjwa wa namna hii mwaka 1920 na 1921. Chanzo chake ni protini iitwayo prioni. Kila mmoja wetu ana protini hiyo kwenye ubongo, imekunjwa sawasawa na haina madhara. Inapotokea moja ikajikunja vibaya, huzifanya zilizo jirani nazo zijikunje vivyo hivyo, na hapo usemi wetu wa samaki mmoja akioza unatimia ndani ya kichwa cha mtu. Seli za ubongo zinakufa, na tishu ikitazamwa kwa hadubini huonekana ina vitundu kama sponji. Ndiyo maana mambo yalikwenda mbio namna ile: macho, hesabu, miguu, kushtuka kwa mwili, kisha kimya.

Aina zake si moja, na hapa naomba uwe na subira nami kwa sababu jibu la kile kikao limo humu.

Aina iliyo ya kawaida kuliko zote hujitokeza yenyewe. Katika kila wagonjwa 100 wa Creutzfeldt-Jakob, kama 85 ni wa aina hii. Hawakurithi, hawakuambukizwa, hawakula kitu. Protini ilijikunja vibaya tu, na sayansi mpaka leo haijaonesha aliyesababisha wala kilichosababisha. Huwapata zaidi watu walio katika miaka yao ya sitini na kuendelea, na wengi hufariki ndani ya miezi michache tangu dalili zianze. Sasa mtazame mzee: miaka 64, kuanzia baada ya Nane Nane hadi Desemba. Mimi si daktari na sitampa baba yako jina la aina yake nikiwa hapa mezani. Ila nataka uone kwamba mwendo wa ugonjwa wake unafanana sana na huu wa kujitokeza wenyewe, ambao hauwagusi watoto.

Aina ya kurithi ni kama wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100. Hutokana na hitilafu kwenye jeni iitwayo PRNP. Nayo ina sura zake. Iko inayofanana na ile ya kujitokeza yenyewe. Iko inayoitwa Gerstmann-Sträussler-Scheinker, ambayo huenda polepole kwa miaka na huanza kwa kuyumba mwendo. Na iko adimu zaidi inayomnyima mgonjwa usingizi hadi kifo. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi, na hesabu hiyo inaanza upya kwa kila mtoto. Haina maana kwamba katika ninyi wanne wawili lazima wawe nayo. Tena hesabu yenyewe inaanza tu pale inapojulikana kwamba mzazi alikuwa nayo, na kwa mzee hilo halijulikani.

Kuhusu shangazi, yeye alisahau kwa miaka mingi na akafariki akiwa amevuka sabini. Kusahau kwa namna hiyo uzeeni mara nyingi ni ugonjwa mwingine kabisa, Alzheimer kwa mfano, ambao ni wa kawaida mno kuliko huu. Sisemi historia yake haina maana, kwa sababu aina za kurithi huweza kuja kwa sura tofauti ndani ya ukoo mmoja. Ila daktari alipokuuliza, ulijibu kwa maneno machache ukiwa na baba kitandani. Kaa na watu wazima wa ukoo, waulize: alianza na umri gani, alianza kwa kusahau au kwa kuyumba, ilichukua muda gani? Waulize pia kuhusu babu na bibi na ndugu zao. Kisha urudi kwa yule daktari na majibu hayo, na safari hii usiende peke yako.

Sasa tuje kwenye ng'ombe. Kichaa cha ng'ombe ni ugonjwa wa kweli. Uligunduliwa Uingereza mwaka 1986, ukasambaa kwa kuwa mifugo ya huko ililishwa unga uliotengenezwa kwa nyama na mifupa ya mifugo mingine. Mwaka 1996 ikatangazwa kwamba kuna watu waliopata aina mpya ya Creutzfeldt-Jakob iliyohusishwa na ng'ombe hao, na Uingereza imepoteza watu 178 kwa aina hiyo. Lakini watu wale walikuwa vijana, nusu yao walikufa kabla ya kufikisha miaka 30. Ugonjwa wao ulianza kwa huzuni na wasiwasi na mabadiliko ya tabia, na kwa kawaida ulichukua zaidi ya mwaka. Zaidi ya hapo, prioni iliyoingia kwa chakula hukaa miaka mingi mwilini kabla ya dalili. Nyama iliyoliwa mwezi wa saba haiwezi kumwangusha mtu mwezi wa nane. Ng'ombe wa kwenu wanakula nyasi za porini, na baada ya mavuno wanakula mabua ya mtama na uwele. Na kama kawaida ya kijiji, nadhani nyama ile haikuliwa na mzee peke yake.

Hata hivyo, kula kibudu hakufai. Kimeta kipo, kinaua, na hakihitaji prioni. Hilo waambie vijana wenye simu, nao walitangaze kwa nguvu hizo hizo.

Ipo pia aina iliyopita hospitalini: kwa homoni za kukuzia watoto zilizotolewa kwenye tezi iliyo chini ya ubongo wa marehemu hadi miaka ya 1980, au kwa vipandikizi vya utando wa ubongo, au kwa vifaa vya upasuaji wa kichwa. Ni chini ya mgonjwa mmoja katika 100, na kama mzee hakuwahi kufanyiwa mambo hayo tuiache. Nimeitaja kwa ajili ya hofu ya maambukizi. Prioni haipiti kwa kumshika mgonjwa, kumlisha, kumwogesha wala kula naye sahani moja. Mama mdogo hakujiambukiza kwa kumtunza mumewe, na wanaomkwepa hawana sababu ya kumkwepa.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza ila nimelihisi: kule kwa mganga. Kama ndani ya familia mnalaumiana kwamba mlichelewa, hakuna dawa mahali popote duniani ambayo kuwahi kungemfikishia mzee. Kwa mgonjwa mwingine ingekuwa tofauti, kwani yapo maradhi yanayofanana na haya mwanzoni na yanatibika, kaswende ya ubongo na upungufu wa vitamini B12 yakiwemo, na ndiyo maana madaktari walimpima vingi hivyo. Kwa huu, kuchelewa hakukumuua.

Naomba nikuulize sasa kuhusu kikao. Una uhakika gani kwamba ukitaja jina la ugonjwa baba mdogo atatulia? Mtu aliyekwisha amini kwamba kaka yake alirogwa anaweza kukwambia, "Sawa, ni ugonjwa, lakini nani aliuleta?" Kuna watu wa Fore, katika milima ya Papua New Guinea, waliopata ugonjwa wa kundi hili hili uitwao kuru. Uliwaua zaidi ya watu 2,000, wengi wao wanawake na watoto. Kwa miaka walishikilia kwamba ni uchawi, wakanyoosheana vidole, wakaitana kwenye mikutano kushutumiana. Baadaye ikabainika kwamba ulienea kwa desturi yao ya kula miili ya wapendwa wao waliofariki, kwa heshima na kwa upendo. Desturi ilipoachwa, wale waliozaliwa baadaye hawakuugua. Lakini waliokuwa wameshatuhumiwa walikuwa wameshatuhumiwa. Nakueleza haya ili uone kwamba kukosa jibu la "kwa nini yeye" kunawasukuma watu wa kila mahali kumtafuta mtu, na baba mdogo anaweza kuwa na uchungu kuliko tamaa. Au vyote viwili. Wewe unamjua, mimi simjui.

Kwa hiyo huenda barua ya daktari ikasaidia kuliko maneno yako. Unaweza kuomba hospitali wakuandikie kwa Kiswahili, kwa ufupi, mzee aliugua nini na kwamba hakuna aliyemfanya augue. Ujue tu kwamba wataandika "kuna uwezekano mkubwa", kwa sababu uhakika kamili hupatikana kwa kupima tishu ya ubongo baada ya kifo, jambo ambalo hamkulifanya, na neno hilo linaweza kushikiwa bango. Barua hiyo haina ulazima wa kuzungumzia urithi. Hapo ndipo yale maswali mawili yanapoachana: la kwanza linaweza kusemwa mbele ya ukoo mzima, la pili ni la damu yenu ninyi wanne na halina kazi kwenye kikao.

Lakini sitakuficha hatari yake. Mtu mmoja akiandika jina lile kwenye simu atakuta habari za kurithi kabla kikao hakijafungwa. Kama wadogo zako watalipata hivyo, kwa kijana wa jirani, mbele za watu, na wakagundua kwamba wewe ulijua tangu zamani, kuna kidonda kingine hapo. Ndiyo maana wengine waliowahi kuwa mahali pako huamua kuwaita wadogo zao kwanza, faragha, kabla ya kikao, na kuwaambia kile kinachojulikana kwa kadiri kinavyojulikana: baba alikuwa na ugonjwa huu, mara nyingi haurithiwi, kuna sehemu ndogo inayorithiwa, hatujui ya baba, na mtu akitaka kujua zaidi twende wote kwa daktari. Hofu itakuwepo, ila itakuwa inalingana na ukweli. Hofu yako wewe mpaka sasa imekuwa kubwa kuliko ukweli, na umeibeba huku ukiwa na karatasi ya daktari mfukoni. Kwa upande mwingine, mdogo wako aliye chuoni anaweza kuwa karibu na mitihani, na yupo mtu ambaye habari ya namna hii humvunja. Wakati wa kumwambia unaupima wewe unayemjua.

Posa nayo si ndogo. Wakwe wakiuliza, jibu la kweli na fupi lipo: alikuwa na ugonjwa adimu wa ubongo usioambukiza. Zaidi ya hapo ni habari ya binti mwenyewe. Ataamua yeye amwambie mchumba wake nini na lini, na hawezi kuamua kitu asichokijua. Ukinyamaza kwa ajili yake, kwa namna fulani unakuwa umeshamwamulia. Ukisema, unamfungulia mlango ambao hakuuomba. Sina mizani ya kukupimia hayo mawili.

Kuhusu kupima. Kipimo cha jeni ni cha damu, na kwa kawaida huanza kwa aliyeugua. Uliza hospitali kama wamebakiwa na sampuli ya mzee. Ikiwepo, na ikapimwa, ikakosekana hitilafu, basi ninyi wanne mnaondokewa na mzigo wote kwa mara moja bila yeyote kutoa damu. Uliza pia kipimo kinafanyikia wapi na gharama yake, maana sampuli huenda ikabidi isafirishwe maabara maalumu. Kama sampuli haipo, itabaki kupima ninyi, na hapo tulia sana. Majibu hayo hayarudishwi. Kwa wale wanaokutwa na hitilafu hakuna dawa ya kuzuia, na wengi wataishi miaka mingi bila dalili huku wakijua. Wapo wanaosema kujua kuliwapa nafasi ya kupanga maisha na uzazi. Wapo waliotamani wasingejua. Katika ugonjwa mwingine wa ubongo uitwao Huntington, ambao nao hurithiwa nusu kwa nusu na kipimo chake kipo tangu zamani, watu wengi wenye haki ya kupima wamechagua kutopima, na hakuna anayewaita waoga. Mmoja wenu akipima, anawagusa na wengine pia. Hata mkeo, ambaye mtoto wake mmoja yuko mgongoni na mwingine tumboni, ana sehemu yake katika swali hili. Je, kumficha kunamlinda yeye, au kunakulinda wewe usiyaone macho yake akisikia? Nauliza kwa upole mwanangu, jibu baki nalo.

Kikombe kinachokuponyoka, kwa mtu wa miaka 36 asiyelala vizuri, hakihitaji prioni kukiangusha. Usingizi huo nao mwambie daktari. Na damu usianze tena kuchangia hadi umwambie mhudumu wa damu salama historia ya mzee, yeye atakuelekeza kwa mujibu wa taratibu zao.

Nimemwacha mama mdogo mwisho kwa sababu katika barua yako yote nimemwona akilisha, akiogesha, akitukanwa, ila sijasikia amesema nini. Umeshamuuliza anataka nini? Huenda anataka kubaki kwenye nyumba yake na kulima zabibu zake. Huenda amechoka na anatamani dada zake wa Manyoni, lakini aondoke kwa heshima na haki yake mkononi, asifukuzwe kama mchawi. Ni tofauti kubwa. Naye ni mjane wa mgonjwa, alistahili kuelezwa na daktari kilichomuua mumewe, na bado hajaelezwa. Ukianza na yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, unaweza kukuta una mwenzako wa kubeba mzigo huu. Unaweza pia kukuta anakuomba usiseme lolote kikaoni kwa kuogopa kuwachokoza zaidi, na hapo utakuwa na kazi nyingine.

Iwapo vitisho vitazidi maneno, usingoje kikao. Kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, na mtendaji wa kijiji, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia la polisi wanaweza kufikiwa kabla mambo hayajaharibika. Mali ya marehemu haigawanywi kwa kelele za kikao. Msimamizi wa mirathi huthibitishwa mahakamani, na mjane anasikilizwa. Kuna wasaidizi wa kisheria wanaofika hadi kwenye kata, na msaada wao haulipiwi. Kumbuka tu kwamba kumwita polisi baba mdogo ni hatua ambayo ukoo hausahau haraka. Ndiyo maana wengine huanza na mzee mmoja anayeheshimika, au mchungaji, wakampeleka kwa mtu kama baba mdogo kwanza jioni moja kabla ya siku yenyewe, akasikilizwa uchungu wake wa kufiwa na kaka bila watu wengine kuwepo.

Mavuno bado. Unao muda wa kumwona daktari na kuongea na mama mdogo, na pengine na mkeo, kabla hujaamua utasimama au utakaa. Ukiona inafaa, niandikie daktari amesema nini kuhusu sampuli ya mzee, tuendelee kuanzia hapo.